Karte Yenye Inapitisha Sauti ya Bwana Tu

Lubumbashi, Bel-Air, 16 avril 2025

Mupwa wangu Gaëlle,

Unajua, na kama umesahau nakukumbusha: ku kiwanja ya ndeke ya Luano, hakuna ndeke inaruka kama miye Mutale, yama yako, ndugu ya mama yako, siyaweka mukono. Pilote anaweza kukaa ku kiti yake na miwani yake, anangoja tu. Juu ya nini? Juu mizigo haiyafungwa. Na mizigo ya Luano, ni miye nafungaka, na plastike, mizunguko tatu, mizunguko ine, mpaka hata panya haiwezi kuingiza jino. Bantu banasema, "Ah, ni kufunga valise tu." Baseme. Ambassadeur moja, mwaka jana, alikataa kupanda ndeke mpaka miye nitoke ku chai, juu hakutaka mukono ingine iguse valise yake. Ndeke muzima ikaningojea. Bazungu banaangalia saa, banaangaliana. Nikamaliza chai yangu pole pole, na mukate.

Sasa naingia mu mambo.

Tantine yako Adolphine, bibi yangu, iko kule Guangzhou wiki mbili sasa na bacommerçants benzake ba Lubumbashi, kwa kununua bitu ya jikoni: masufuria, thermos, bile bisahani bya maua. Weye unasoma palepale, njo maana nakuandikia. Uliniambiaka kama kule Watsap yako haifunguke, nipite mu imel. Basi naandika imel, na kidole moja, kama mukubwa wa serikali.

Mbele asafiri, nilimukalisha Adolphine chini, nikamufundisha mambo ya karte SIM. Miye nasikiaka basafiri kila siku, hakuna muntu mu Lubumbashi anajua karte za dunia kunipita. Nikamuambia: "Mama Kunda, ukifika mu inchi ya bantu, usitumikishe karte ya huku. Roming itakukula mpaka ku mufupa. Ununue karte ya benye inchi. Bei ni ya chini, mega ni mingi." Akasikia, akafika, akanunua. Sasa nakuuliza: kama iko na karte ya benye inchi na mega mingi, juu ya nini sauti ya bibi yangu inatokaka mu telefone ya Lucien?

Lucien unamujua. Ni voisin, jirani wa mulango wa tatu kutoka kwetu. Ule wa viatu ya mulomo murefu, mwenye kupakaa parfum mpaka mbwa ya avenue inapiga chafya. Iko nao mu ile safari. Siku ya kwanza telefone yangu ikalia, naona imeandikwa "Lucien Voisin". Nikasema, huyu anatafuta nini? Naitika na sauti ya ukali: "Allo!" Nikasikia: "Baba Kunda, ni miye." Mupwa wangu, kuitikia Lucien na kukuta bibi yako ndani, ni kama kufungua sanduku ya jirani na kukuta shati yako imekunjwa muzuri.

Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu, nikasikia mwanaume anacheka kule nyuma. Ni nani anachekaka karibu na bibi ya muntu?

Uende ku hoteli yao. Uangalie karte zote zenye ziko kule, na njia zote za kuita za bei ya chini, uniandikie ni gani itafanya bibi yangu aniite na telefone yake mwenyewe. Na uangalie Lucien analala ku étage gani, gorofa ya ngapi. Hiyo ya mwisho ni kwa statistique tu.

Yama yako,
Mutale
Mukubwa wa Mizigo, Luano


Guangzhou, 17 avril 2025

Yama Mutale,

Heshima yako. Imel yako niliisoma mu bisi, nikacheka mpaka mama moja wa huku akaniachia kiti. Alizani niko mugonjwa.

Nimeenda ku hoteli. Unisikilize muzuri, juu hii haiko mambo ya mapendo, ni mambo ya karte.

Mafundisho yako ni ya kweli mu inchi mingi. Ukivuka Kasumbalesa na kuingia Zambia, ununue karte ya pale na uko sawa. Lakini huku Chine, karte ya benye inchi inafungua bitu ya benye inchi. Watsap haifunguke. Tantine iko na mega za kutosha avenue yenu muzima, na hawezi kukuambia hata bonjour. Ni kama kujaza essence mu motokari na kukuta barrière imeshushwa.

Lucien alinunua karte ingine, ile ya basafiri. Inatoka inchi ya inje, na hata uko hapa mu Guangzhou, mambo yako yote inaenda kwanza kupitia kule yenye karte ilitoka, kisha inakuya. Njo maana yake inafungua Watsap. Bei iko juu, mega ziko kidogo, lakini muntu anaongea. Kuko tena ile banaita eSIM, haina hata karte: unainunua mu internet, inaingia yenyewe mu telefone. Ni muzuri sana, ila telefone ya tantine ni ya zamani, haiwezi kuipokea. Roming ya karte ya nyumbani inafungua yote, na inakula kama mugeni wa ndoa mwenye hakualikwa. Na kuitana numero ku numero bila internet, bei yake, yama, tuache.

Sasa Lucien anamuazima tantine telefone yake. Ni yote. Niliwakuta mu mulango ya hoteli banatoka ku soko, Lucien anamubebea mufuko ya bisahani juu mugongo ya tantine ilikuwa inamuuma. Na ule mwanaume wa kucheka, niliuliza. Ilikuwa télévision.

Tantine iko étage ya tisa. Lucien iko ya ine. Kwa statistique yako.

Mupwa wako,
Gaëlle


Lubumbashi, 18 avril 2025

Gaëlle,

Umeniandikia ukurasa muzima, na miye nimesoma fasi moja tu: "anamubebea mufuko".

Mugongo! Adolphine hakuwaka na mugongo. Miaka hii yote mu nyumba yangu analalamikaka magoti. Asubuhi magoti, jioni magoti. Sasa amefika Chine na mugongo inaanza, na pale pale Lucien anapatikana na mikono mbili. Magoti ilienda wapi? Na kutoka étage ya tisa mpaka ya ine, ascenseur, ile lifti yao, inachukua muda gani? Hauniandikii hiyo.

Na bibi ya Lucien, Christiane, iko hapa anamwangia maua yake maji na anaimba. Anaimba, mupwa wangu! Mwanamuke mwenye bwana yake anabebea bengine mifuko, na anaimba ya kwaya. Ama haone kitu, ama anajua kitu.

Ile karte ya Lucien, siitaki. Kama Adolphine ananunua karte ya Lucien, ni kusema Lucien alikuwa na haki na miye yama yako nilikosa. Bantu ba avenue bataniangalia namna gani? Jioni banakuyaka bote mu salon yangu, chumba ya mbele, banakaa chini kuzunguka fauteuil yangu, kiti yangu ya kuegemea, nabafundisha mambo ya dunia. Nitabafundisha nini tena?

Kuko karte ingine. Général moja alinionyesha ku Luano, alitaka nifunge valise yake mwenyewe, akaniambia, "Mutale, weye si muntu wa kufichwa kitu." Ni karte ya zahabu. Unaita hata ukiwa chini mu mugodi, fasi yenye hakuna rezo. Haubonyeze numero, unataja jina ya muntu tu, na muntu anaitika. Tafuta hiyo.

Jana nilichoka kungoja. Nikajaza unite mu telefone, zote zenye nilipata, nikamuita numero ku numero. Ikalia! Akaitika! Nikasema, "Allo, Mama Ku..." na unite zikaisha. Ile "nda" ilibakia mu kinywa yangu siku muzima.

Basi nikaanza kumubip, kuliza telefone yake na kukata mbele aitike. Bip ya nyumba yetu unaijua: moja, niko njiani, mbili, fungua mulango, tatu, niite. Nikabip tatu. Kimya. Nikabip tatu tena. Kimya. Nikabip mbili, hata kama siko ku mulango, nione kama atashituka. Kimya kabisa. Bibi mwenye hajibu bip ya bwana yake, roho yake iko fasi gani?

Leo ni Vendredi Saint, siku ya musalaba. Dimanche ni Pasaka. Bote bataingia kanisa na mabibi yao. Miye nitaingia na telefone.

Yama yako mwenye kuteseka,
Mutale


Guangzhou, 21 avril 2025

Yama,

Pasaka njema. Karte ya zahabu haiko. Nimeuliza mu duka tatu, mu duka ya tatu banaitana benyewe kwa benyewe bakuye kuniangalia.

Bip zako tantine alizipata zote. Zile mbili za kufungua mulango zilimuogopesha, alizani kuko mwizi ku nyumba. Na alisema, nakuandikia maneno yake: "Muambie Baba Kunda, nikijibu bip zake kwa kumuita na hii karte ya huku, nitarudia Lubumbashi bila sufuria hata moja." Bip, yama, ni dawa ya mu inchi. Ikivuka mupaka inakuwa kelele tu.

Basi nilikata shauri. Nimemununulia karte ya basafiri, ya kampuni ingine, haiko ile ya Lucien, njo usiseme. Miye mwenyewe nilifungua telefone, nikatoa ya zamani, nikaingiza mupya. Tukangoja. Watsap ikafunguka, na ujumbe za wiki tatu zikaanza kuingia, ting, ting, ting, nyingi zilitoka kwako na nyingi zilikuwa zinauliza iko wapi. Tantine akakaa ku kitanda, akazisoma zote. Alicheka. Ku mwisho hakucheka tena.

Forfe yake, kipimo ya kuongea ya kila siku, haiko kubwa. Muongee sauti tu, bila video, itatosha.

Na tafazali, yama, umuulize habari yake. Kuko jambo iko anawaza. Nilimuuliza, akanijibu, "Hii ni ya Baba Kunda kwanza." Sikuchokoza tena juu ni ya nyumba yenu.

Gaëlle


Lubumbashi, 24 avril 2025

Mupwa wangu,

Aliniita! Na telefone yake! "Mama Kunda", imeandikwa vile, na foto yake ya kitenge ya kijani. Siku ya kwanza nilitoka inje ku avenue kuitikia, ili bantu basikie. Nikasema kwa nguvu: "Allo, Guangzhou?" Hata mwenye kuuza makala alisimama.

Sasa usikilize, juu kuko shida kubwa, na haiko shida ya kawaida.

Jana asubuhi nilikuwa napita mbele ya kwa Lucien, napita tu, siangalie kitu. Christiane akaniona juu ya ukuta ya lupango.

"Voisin Mutale! Na weye ulimujibu nini juu ya ile magazin, ile duka ya kufungua?"

"Magazin gani?"

"Eh! Ya Adolphine. Juzi aliniita, tumeongea mpaka maharagi yangu ikaungua. Lazima ajibu lundi, kesho ya dimanche, kontena ya bitu inafungwa."

Gaëlle, ungefanya nini? Nikasimama muzuri, nikasema: "Ah, ile magazin! Ile ni miye nilipanga yote."

"Kweli?"

"Mpaka rangi ya mulango."

"Rangi gani?"

"Bleu."

Akaniangalia namna bantu banaangaliaka mutoto mwenye kusema hakukula sukari. "Voisin Mutale," asema, "uende kuongea na bibi yako." Na akaingia ndani, na akaanza kuimba.

Toka pale roho yangu inawaka. Christiane anajua mawazo ya bibi yangu, na miye naulizwa rangi! Kontena ni ya nani? Ya Lucien, hakuna mwingine mwenye kontena mu avenue yetu. Na ile magazin ni ya nani? Naona hata plaque yake, na herufi kubwa: CHEZ LUCIEN ET ADOLPHINE. Bantu batapita na kusoma. Batoto batasoma, banajifunza kusoma na ile plaque! Na miye nitakuwa palepale Luano, nafunga valise za bantu benye kuenda Chine.

Lakini sikukasirika bure, nilifanya analyse. Amekwisha kuniita mara tatu. Mara ya kwanza, niliongea muzuri sana, nikamueleza ile ya ambassadeur, juu alikuwa amesahau mwisho yake, na ile ya général, na namna nilinyoosha foleni ya basafiri siku ya mvua kubwa na commandant akanisalimia na mukono ku kofia. Sauti yangu ilipita clair. Yake, nikasikia: "Baba Kunda, nilitaka..." na tuut, forfe ya siku imeisha.

Mara ya pili, nikamuuliza mugongo ilianza lini, juu ya nini, mbele ya nani, na Lucien alikuwa anasimama upande gani. Sauti yangu, clair kabisa. Yake: "Baba Kunda, acha kwanza nise..." na tuut.

Mara ya tatu, vilevile. Clair kwangu, tuut kwake.

Basi nimeelewa. Ile karte uliyonunua iko na ugonjwa. Inapitisha sauti ya bwana, na sauti ya bibi inaizuia. Kwa Christiane inapita juu ni mwanamuke kwa mwanamuke. Uitoe mu telefone, uirudishe ku duka, uambie bale bantu kama Mutale wa Luano anataka karte ya pande mbili. Wakikataa, utaje ambassadeur.

Fanya mbio. Lundi iko karibu.

Yama yako,
Mutale


Guangzhou, 25 avril 2025

Baba Kunda,

Gaëlle amenisomea imel yako. Aliisoma mara mbili, juu mara ya kwanza kicheko haikumuacha afike ku mwisho. Miye sikucheka sana. Sasa nasema, na yeye anaandika.

Karte haina ugonjwa. Inapitisha pande zote mbili. Ile ya kuisha ni forfe, na forfe inaishaka ku mudomo ya mwenye kuongea. Hesabia weye mwenyewe ni mudomo ya nani.

Ambassadeur namujua. Namujua kupita ndugu zangu. Wakati ndeke yake ilikuwa inangoja umalize chai, miye nilikuwa nasimama ku korido ya hoteli, na jambo yangu mu mukono kama muntu mwenye kungoja ku guichet ya banki, na guichet ikafungwa.

Lucien, unataka kujua anafanya nini na telefone yake? Ananipa, anatoka inje, anafunga mulango. Akirudi haniulize kitu. Ni yote anajua kufanya, na kubeba mufuko. Kama ile ni ya kuonea wivu, uione. Mugongo ilinikamata juu nililala ku kitanda ngumu. Magoti iko palepale, asante kwa kuuliza.

Mambo ya magazin siandike mu imel. Ni mambo ya nyumba, tena ni ya kuomba, na miye naombaka na sauti yangu. Kwa Christiane nilisema juu yeye pia iko ndani yake, na juu yeye aliniuliza, kisha akanyamaza.

Dimanche, nyuma ya misa ya huko, nitakuita. Nitaongea miye. Lundi lazima nijibu. Kama weye ndiye utaongea tena mpaka tuut, nitajua kama jibu yako ni kusema nifanye na akili yangu peke yangu, na nitafanya, na usiniulize kisha juu ya nini hukuulizwa.

Uvae ile chemise ya rangi ya jaune ku misa, nimeiacha imepigwa pasi.

Adolphine


Lubumbashi, 27 avril 2025

Mupwa wangu Gaëlle,

Mu Haut-Katanga muzima, na naweka Kolwezi na Likasi ndani, hakuna mwanaume anajua kusikiliza bibi kunipita miye. Andika hiyo fasi.

Tulitoka misa. Nilivaa ya jaune. Nikakaa mu salon, ku fauteuil yangu, nikafunga mulango, nikaweka telefone ku magoti. Bavoisin bawili bakagonga, banataka hadisi ya dimanche. Nikabafukuza. Jambo hii haiyafanyika mu hii nyumba.

Ikalia. "Baba Kunda?" Nikafanya "mm". Akangoja. Nilisikia kama anangoja, juu alizani ambassadeur anakuya. Ambassadeur hakukuya. Akasema tena, pole: "Uko?" Nikafanya "mm".

Basi akaanza kuongea, Gaëlle. Siyasikia Adolphine anaongea vile toka Kunda alizaliwa. Alisema namna aliogopa siku ya kwanza mu ile mji, alipotea karibu na hoteli, akazunguka na karatasi yenye iliandikwa anuani, na bantu banaisoma na kumuonyesha fasi yenye alikuwa ametoka. Alisema anachoka kuuza ku meza mu soko, mvua ikinyesha anafunika sufuria na yeye mwenyewe ananyeshewa. Alisema iko na Christiane banapanga magazin, banawake bawili tu. Plaque itakuwa na majina ya bo bawili. Lucien haiko ndani hata kidogo! Anabaachia fasi mu kontena yake, basi, na Christiane njo alimulazimisha. Gaëlle, nilipumua mpaka plafond kule juu ikanisikia.

Kisha akashusha sauti. Nikaweka telefone karibu zaidi.

Akasema: "Baba Kunda, magazin inahitaji fasi yenye kuangalia avenue. Kwa Christiane nyumba iko nyuma sana. Fasi ya muzuri ni kwetu. Ni salon."

Salon yangu.

"Najua ni fasi yako," asema. "Najua bantu banakuyaka kukusikiliza pale. Njo maana niliogopa kukuomba. Nilizani utakataa mbele nimalize. Kila siku nashika telefone, naogopa, na weye unaongea, na miye nasema afazali aongee, leo sitaambiwa hapana. Sasa nimekuambia. Fauteuil tutaipeleka nyuma, chini ya dirisha ya jikoni. Unakubali?"

Mupwa wangu, nilikuwa na maneno. Nilikuwa na sababu ine za kukataa, na hadisi moja ya waziri mwenye alikaliaka ile fauteuil. Niliangalia ile salon, pazia, foto ya Kunda ya communion, ile fasi ku ciment yenye miguu ya bavoisin imelainisha. Nikatikisa kichwa. Lakini ilikuwa sauti bila video, hakuona. Nikataka kusema, "Ngoja kwanza." Ikatoka "mm".

Kisha nikasikia analia, halafu anacheka, vyote viwili mu mara moja, na akasema: "Asante, Baba Kunda. Asante. Leo umenisikiliza kama ule kijana mwenye alikuyaka kuniposa." Na tuut. Forfe iliisha ku mudomo yake, mara ya kwanza.

Christiane amekwisha kupita na kipimo, anapima dirisha. Mulango utakuwa bleu, anasema, juu ndiyo rangi yenye nilichagua. Bavoisin bote banasema Mutale ni mwanaume mukubwa, anajua kuachia bibi yake fasi. Nimeacha baseme. Hata Lucien alimuambia bibi yake mu telefone kama yeye hangeweza. Hiyo niliomba airudilie mara mbili.

Sasa, Gaëlle, hii ni yako peke yako, na ukiisoma uifute. Usimuambie Adolphine, hata ku siku yako ya ndoa.

Mbele telefone ilie, nilijiuliza: Mutale, utanyamaza namna gani? Najijua. Nikaenda ku jikoni, nikakata donge ya bukari, ile bengine banaita ugali, kubwa kama ngumi, nikaijaza muzima mu kinywa, pande zote mbili za mashavu, nikarudi kukaa. Njo vile nilimusikiliza bibi yangu toka mwanzo mpaka mwisho. Na ile "mm" ya kupeana salon yangu, haikuwa ndiyo. Ilikuwa bukari.

Mutale